Mwaka Nilioambiwa Bado

Neno lililoninyima usingizi mwezi uliopita ni fupi kuliko hata jina langu: bado. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikachota nalo maji bombani. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea katika nyumba hii ya Nguvumali ninamoandika, alikuwa ameniomba jambo moja dogo. Wajukuu zake wawili, Nasra na mdogo wake Kassimu, ninawafundisha kusoma hapa nyumbani tangu nimalize chuo, maana ajira yenyewe naisubiri kama wenzangu wote. Nasra anasoma. Kassimu hajui hata irabu zimeanzia wapi. Uandikishaji wa darasa la kwanza ulipokaribia, mama mkubwa akaniita uani, akasema kwa sauti ya kuomba chumvi: "Saumu mwanangu, huyu Nasra mwambie bado. Asubiri mwenzie, mwakani waende pamoja."

Mtu mwingine angejibu hapo hapo. Mimi nikasema, "Nitaangalia, mama mkubwa," kisha nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri huwa sina breki. Napima jambo mpaka mizani ichoke. Ujumbe wa simu wa maneno manne nausoma mara tatu kabla sijautuma, na nikishautuma nausoma tena kuona kama nimetukana mtu.

Asubuhi moja katika siku hizo, mama mkubwa alitupa maganda makavu ya machungwa juu ya makaa kufukuza mbu. Moshi ukaingia dirishani kwangu. Kama hamjawahi kuunusa, ni moshi mchungu wenye utamu kwa nyuma, unaokaa kooni kabla haujafika puani. Nikakaa kitandani. Ghafla nilikuwa na miaka saba, miguu nimeikunja juu ya jamvi, mbele yangu kuna mlango mweusi.

Mlango ule ulikuwa mlango kweli, wa choo cha zamani. Mama mkubwa aliung'oa, akausugua, akaupaka unga mweusi uliotoka kwenye betri kuukuu za redio, akauegemeza ukutani, ukawa ubao. Alikuwa amewahi kufundisha chekechea kabla hajaolewa, na ingawa miaka ilikuwa imepita, chaki akiishika ungedhani kaiacha jana. Kalamu ya kuonyeshea herufi ilikuwa njiti ya ufagio wa chelewa. Njiti hiyo ilionyesha herufi na ilionyesha pia vidole vya mtoto anayesinzia.

Darasa lile halikuanzishwa kwa ajili yangu. Lilikuwa la Athumani, mwanawe wa pekee, aliyenizidi mwaka mmoja. Athumani alikwisha kupelekwa shule, akakaa majuma machache. Aliniambia herufi za kule zilikuwa zinahama. Ukiitazama moja, ya jirani yake inaondoka. Wenzake walimcheka. Akaanza kutapika kila asubuhi akiona viatu vyake vya shule. Siku moja mama mkubwa alimfuata, akamkuta amesimamishwa mbele ya darasa akilia, akamshika mkono, akamwambia mwalimu, "Huyu nitamsomesha mwenyewe." Na kweli akamsomesha.

Mimi nilikaa kwenye jamvi lile kwa sababu lilikuwa na nafasi. Baba yangu alifariki sijajua kutembea. Mama alipanga chumba Muheza, akinunua na kuuza machungwa, akitoka kabla ya adhana ya alfajiri, na biashara ya namna hiyo haina mahali pa kuweka mtoto. Akanileta kwa dada yake. Kila Ijumaa alikuja na kikapu, na nyumba nzima ikanukia maganda. Machungwa yetu, kama mjuavyo, huiva yakiwa ya kijani. Wageni huyabonyeza na kuuliza mbona mabichi. Mama alikuwa akicheka, akilikata moja katikati na kumpa mgeni anyonye bila kumjibu.

Kila asubuhi, uwanja ukishafagiwa, tuliimba: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu. Athumani aliimba vizuri kunishinda. Kuimba hakukuwa tatizo lake. Njiti ya chelewa ilipokwenda kwenye silabi moja peke yake, bila wimbo, ndipo alipokauka. Basi mimi, niliyekaa ubavuni pake, nikamnong'oneza: "Cho." Naye akasema kwa nguvu, "Cho!" Na mama mkubwa akapiga makofi. "Mashaallah, Athu! Mashaallah mwanangu!"

Sikuona ubaya wowote. Sikujiuliza hata siku moja ile "cho" nimeitoa wapi.

Kusoma kwenyewe kulinijia uani, wala si ubaoni. Mama mkubwa alikuwa na desturi ya kuanika kanga na maandishi yakitazama juu, ili sisi tujisomee tukiwa tunacheza. Kwa muda mrefu maandishi yale yalikuwa mapambo tu, kama maua ya pindoni. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa nakula embe, nikainua macho, na kanga ikasema. Ndivyo nilivyoona: ilisema, na sauti ikawa yangu. "Jirani sema na wako, wangu niachie." Nikairudia kwa kelele, embe likinitiririka mpaka kwenye kiwiko. "Mama mkubwa! Jirani sema na wako, wangu niachie!"

Alitoka jikoni mbio. Uso wake ulikuwa umechanua. Hilo nalikumbuka vizuri, na huo ndio ushahidi wangu mpaka leo. Ulichanua kama uso wa mtu aliyeitwa na habari njema. Kisha akamtazama Athumani, aliyekuwa amechuchumaa kando ya karo akichora kitu mchangani, na uso ule ukafungwa taratibu kama duka.

"Hiyo umeisikia kwa wakubwa," akasema. "Umesoma kwa mdomo, hujasoma kwa macho. Bado hujaiva, Saumu."

Sasa naomba mjue nilichokuwa nakitaka wakati huo, maana mtoto hutaka kitu kimoja kwa moyo wote kama mkubwa anavyotaka nyumba. Ndani ya sanduku la mama mkubwa, juu ya nguo zake za sherehe, palikuwa na sketi yangu ya buluu ya shule. Mama aliishonesha Muheza, ikakunjwa upindo mkubwa ili initoshe nikirefuka. Nilikuwa nafungua sanduku kisiri kuinusa. Ilinuka udi na kitambaa kipya. Amri ya mama mkubwa ilikuwa moja: hakuna mtoto atakayetoka tena nyumbani kwake kwenda kuchekwa. Atakayejua kusoma ndiye atakayevaa sketi.

Januari ikafika. Pili, mtoto wa nyumba ya pili, rafiki yangu wa mchezo wa kupika kwenye vifuu vya nazi, akaenda. Alipita mbele ya nyumba yetu na soksi nyeupe mpaka magotini. Alirudi mchana na nyimbo mpya, na maneno mapya ya kututambia. "Wewe mbona huendi?" aliniuliza. "Umefeli?"

"Sijafeli," nikamwambia. "Bado."

"Bado nini?"

Nikaingia ndani, nikalifungua sanduku.

Nikaamua kutafuta maandishi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasema mbele yangu, ili mama mkubwa asipate pa kushika. Nikasoma gazeti lililofungia mihogo ya kukaanga, habari ya daraja la mahali fulani nisipopajua. Akasema nimebahatisha. Nikasoma maandishi ya kwenye gunia la unga. Akasema gunia hilo lipo ndani mwaka mzima, hata paka analijua. Nikasoma kalenda ya duka, nikasoma karatasi ya dawa ya kikohozi mpaka pale wanapoandika usizidishe. Akaikunja ile karatasi, akasema, "Unasoma mbiombio. Msomaji hakimbii. Bado."

Nikianza kucheka kwa sababu ya yule paka, na bado huwa nacheka, naomba msidhani sikuumia. Kilichoniumiza si kukataliwa. Kilichoniumiza ni kwamba nilimwamini. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, mwenye chaki na mlango, angewezaje kukosea? Basi kosa lazima liwe kwangu. Nikaanza kuchunguza kichwa changu mwenyewe. Nikisoma "chumvi" kwenye pakiti, nilijiuliza kama nimesoma au nimejua tu kwa kuwa ndani ni chumvi. Nikisoma jina la Athumani ubaoni, nilijiuliza kama ningelisoma iwapo ningekuwa simjui. Nilizoea kusoma neno kisha kuinua macho haraka kuutazama uso wa mtu mzima aliye karibu, ili uso ule uniambie kama kweli nimesoma.

Ijumaa mama alipokuja nilimkimbilia na kikaratasi chochote kilichokuwa mkononi. Alinisikiliza hadi mwisho, akinipapasa kichwa. Kisha akamtazama dada yake juu ya kichwa changu. "Msikilize mama mkubwa wako," alisema. "Yeye ndiye anayejua." Akanimenyea chungwa.

Mwaka ukaenda hivyo. Athumani naye, haki ya Mungu, alijitahidi. Herufi zilianza kumtulia moja moja. Ilikuwa karibu na uandikishaji mwingine mama alipoleta kutoka Muheza kanga mpya ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekwisha kuisikia. Mama mkubwa aliitandaza juu ya jamvi, akamwita mwanawe. Mimi nilijiandaa kunong'ona, lakini Athumani aliniwekea kiganja chake gotini, kuninyamazisha. Akasoma peke yake, jasho likimtoka, silabi kwa silabi kama mtu anayevuka mto kwa mawe: "U-me-fi-ka ka-ri-bu, u-li-cho-ku-ja na-cho ni-pe."

Vigelegele vilipigwa mpaka mama yake Pili akachungulia ukutani. Mama mkubwa alilia. Akatukumbatia wote wawili, akasema, "Mmeiva! Wote wawili mmeiva!"

Mimi sikuwa nimesoma kitu siku ile. Hakuna aliyenipa hata herufi. Lakini nilirukaruka kwa furaha pamoja nao, na wala sikujiuliza inakuwaje watu wawili waive kwa mdomo wa mmoja.

Sketi ilipotolewa sandukuni ilikuwa fupi. Mama mkubwa akaufumua ule upindo mkubwa. Pale ulipokuwa umekunjwa ukabaki mstari wa buluu iliyokolea, na mstari huo nilitembea nao mwaka mzima. Pili, aliyekuwa sasa darasa la pili, aliwaonyesha wenzake: "Huyo ndiye kikongwe wetu." Wiki ya kwanza mwalimu alinipa kitabu nisome ukurasa mmoja, nikasoma mitatu kabla hajanizuia. Akavua miwani. "Wewe ulikuwa wapi mwaka jana?"

Nikasimama wima, nikajibu kwa adabu kama nilivyofundishwa: "Nilikuwa bado, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Nilidhani wananicheka kwa sababu ya sketi.

Ningeishi na kumbukumbu hiyo kama kichekesho tu, lau si sherehe ya mwaka huu. Nilipomaliza chuo, mama mkubwa alinipikia pilau. Majirani walijaa uani, mama alikuja na vikapu viwili vya machungwa, na watu waliposhiba wakaanza kusimulia utoto wangu, kama ilivyo desturi ya kumwaibisha msomi. Zamu ya mama mkubwa ikafika. Alikuwa anamenya chungwa, ganda likishuka kwa mkunjo mmoja bila kukatika.

"Huyu mnayemwona," akasema, "alikuwa anasoma kabla hajang'oka meno ya mbele. Kanga zangu zote alizimaliza! Ningempeleka shule, Athu wangu angebaki na nani jamvini? Angesema mdogo wake kamshinda, asingeshika chaki tena. Nikamwambia bado. Kila akija nami namwambia bado! Gazeti, bado. Dawa, bado. Ee, mpaka nikakosa la kumsingizia, nikamwambia anasoma mbiombio!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Lo, mwalimu mwongo wewe!" akasema mama yake Pili akipangusa machozi.

"Kumbini kwenye jando hapelekwi mtoto mmoja," mama mkubwa akajibu kwa raha. "Watoto huenda wawili wawili. Ndivyo tulivyolelewa."

Mimi nilikuwa namtazama mama yangu. Alikuwa anacheka pia. Amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio, lakini mabega yalikuwa yanamtingishika. Alikuwa anacheka kicheko cha mtu anayeijua hadithi.

Nilijifanya naosha sahani. Wageni walipopungua akanifuata kwenye karo.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Nilipokuwa nakusomea vile vikaratasi."

Alichukua sahani mkononi mwangu, akaisuuza ingawa ilikuwa safi. "Ulikuwa unakula kwake, Saumu, unalala kwake. Dada yangu aniombe jambo moja mimi nikatae?"

"Ulisema yeye ndiye anayejua."

"Mwaka mmoja tu, mwanangu. Kwani umekufa?"

Sikufa. Huo ndio ugumu wa jambo lenyewe. Hakuna maiti ya kuonyesha. Ukimwambia mtu nilicheleweshwa shule mwaka mmoja, atakwambia fulani alicheleweshwa mitatu na sasa ni mkuu wa idara. Wala sikuulilia mwaka ule. Niliwalilia watu wawili niliowapa macho yangu waniambie kama yanaona, wakajua yanaona, wakaniambia hayaoni. Kwenye mitihani yote niliyofanya maishani nimeandika jibu sahihi, nikalifuta, nikaliandika tena. Nilidhani nimezaliwa hivyo.

Je, mama mkubwa alinipenda? Alinipenda. Homa iliponishika ni yeye aliyekesha. Je, alikuwa na sababu? Alikuwa nayo; nimeona Athumani alivyokuwa akitapika. Nimeyaweka hayo yote kwenye mizani yangu. Nampenda, na namlaumu, na vyote viwili vinakaa ndani ya kifua kimoja bila kusalimiana.

Ndipo likaja lile ombi la uani: Nasra mwambie bado.

Na Nasra alikuwa ameanza kuniangalia usoni kila akimaliza neno. Alisoma "sabuni", akainua macho. Alisoma "mwavuli", akainua macho. Bibi yake alikuwa tayari amekwisha kumwambia mara mbili tatu, akipita na ungo, kwamba anasoma kwa mdomo.

Nilikwenda kwa baba yao kwanza, maana mtoto ni wake. Athumani sasa ni fundi umeme wa majumbani, na mkewe anauza dagaa wa Kigombe sokoni. Wanakaa vyumba vya nyuma. Nilimkuta amekaa kizingitini akivua maganda ya nyaya. Nilizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo, kama kawaida yangu. Nilimweleza kuwa sikujua utotoni kwamba ninajua kusoma.

Akacheka. "Kama hukujua, ulikuwa unaninong'oneza nini?"

Miaka yote hii, na shahada juu yake, sikuwahi kulifikiria hilo, mimi ninayefikiria kila kitu.

"Mimi nilijua toka ile kanga ya jirani," akasema, na kicheko kikamwisha. "Nilijua umezuiwa kwa ajili yangu. Nilikuwa nakuona unavyofungua lile sanduku. Unadhani ilikuwa raha, dada? Kila neno nililoshindwa, nilijua kuna mtu nimemfungia ndani. Ile siku nimekuwekea mkono gotini, ilikuwa niseme neno moja langu, uende zako."

"Mama mkubwa anataka Nasra naye azuiwe hivyo hivyo, amsubiri Kassimu."

Aliweka waya chini, akaingia ndani, akatoka na cheti cha kuzaliwa cha Nasra kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akanipa. "Mimi nina kazi Raskazoni asubuhi. Mpeleke wewe."

Kesho yake nilimvisha Nasra gauni lake la Idi. Mama mkubwa alikuwa anafagia mbele ya mlango.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mnakwenda wapi na gauni hilo?"

"Nampeleka kuandikishwa."

Ufagio ukasimama. "Na mwenzie?"

"Mwenzie nitamfundisha mimi, kila siku, mpaka ajue. Naye akijua hatamsubiri mtu."

"Nilikwambia umwambie nini huyu?"

"Uliniambia nimwambie bado." Nikaushika vizuri mkono wa Nasra. "Uliniambia na mimi, mama mkubwa. Sikuwa bado."

Alinitazama. "Nyie wasomi," akasema mwishowe, polepole, akasogea pembeni na ufagio wake, njia ikawa wazi.

Tulikwenda kwa miguu. Nasra alisoma kila kibao cha njiani: duka la dawa, saluni, hapa panauzwa barafu. Kila neno, macho juu, kwangu.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Limeandikwa pale, halikuandikwa usoni kwangu."

Akasoma kibao kingine. Shingo ilitaka kugeuka, akaizuia.

"Shangazi, kwani nimeshajua kusoma?"

"Umeshajua."

Alisimama katikati ya njia, amekunja uso. "Toka lini?"

Nikataka kufikiri kwanza. Lakini watu walikuwa wameanza kupanga foleni mbele ya ofisi ya shule.

"Toka zamani," nikasema, nikamvuta mkono, tukavuka barabara.